Wino wa Kijani (7): Samaki wa Magadi

Tulimwacha Corliss Haugen mgahawani, hapo mjini Duluth, kikombe kimemponyoka, kahawa inatiririka mezani kuelekea suruali ya mwanamume aliyetoka kumwita "Kiberiti".

Nyinyi mliokuwa kwenye harusi wiki iliyopita mkakosa sehemu ya sita, chukueni hili moja tu. Jina hilo lilikuwa la baba yake. Mzee alimbandika binti yake alipokuwa na miaka minne, kwa ajili ya nywele nyekundu na hasira za kuwaka na kuzimika papo hapo. Mzee ana miaka kumi na moja kaburini. Hakuna mwingine aliyewahi kulitumia. Mama yake hakulitumia, wala yule Gordon, mume aliyemwacha.

Na huyu bwana Lowell Rask, fundi wa kuchomelea meli zinazolala bandarini mpaka barafu iyeyuke, alikuwa na wiki tatu tu tangu wafahamiane.

"Umelitoa wapi jina hilo?" Corliss akauliza.

Lowell akajifuta suruali kwa kitambaa cha karatasi, taratibu. Mwanamume aliyemwagikiwa kahawa ya moto mapajani halafu hana haraka, mimi huwa namtilia shaka.

"Limenijia tu," akasema. "Kama yalivyonijia yale mengine."

Yale mengine ndiyo yaliyokuwa yamemlevya Corliss. Siku ya kwanza, kwenye kiti cha kliniki ambako Corliss husafisha watu meno, Lowell alisukutua, akatema, akamwambia ananukia mwerezi na ganda la chungwa. Siku ya tatu akaulizia kovu lililo chini ya kiwiko cha kushoto, na siku hiyo Corliss alikuwa amevaa sweta la mikono mirefu.

Sasa akamwambia kazi yake bandarini imekwisha. Jumatatu asubuhi anaondoka kwenda kutengeneza meli nyingine upande wa pili wa jimbo la Wisconsin. Kesho, Jumapili, atakuja kwenye dhifa ya kikundi cha kusoma cha Corliss na atamwuliza swali moja mbele ya watu. Akikubali, waondoke pamoja.

"Mimi sikukuchagua, Corliss," akasema. "Nilipangiwa. Hata nikitaka kukuacha sitaweza."

Corliss alitoka pale bila kuvaa kofia, na nje baridi ilikuwa ya kukata masikio.

Hakwenda nyumbani. Aliendesha moja kwa moja hadi ziwa dogo lililoganda nyuma ya mji, akaingia juu ya barafu na gari, akaegesha mbele ya kibanda cha dada yake.

Jolene ana miaka hamsini, dereva wa basi la shule. Jumamosi zake zote za baridi anazimalizia humo, kwenye kibanda cha mbao chenye jiko dogo la gesi, ndoo mbili za kukalia na matundu mawili ya kuvulia. Mwanamke aliyezoea kuona kwenye kioo nani kamrushia nani karanga hadanganyiki kirahisi.

Alimsikiliza mdogo wake mpaka mwisho, macho kwenye uzi.

"Mwanamume anayekujua hivyo," akasema, "ama ni malaika ama amepekua droo zako. Na malaika hawachomelei meli."

"Dada, hukuwepo. Hukumsikia anavyosema."

"Mtu mzima, una meno yako yote, una kazi yako, unataka mwezi ndio ukuchagulie mume, kama kwenye vitabu vyenu vya mbwamwitu?"

Corliss akanyoosha mikono kwenye jiko. Halafu akasema jambo ambalo, wasomaji wangu, nimelifikiria wiki nzima.

"Gordon alinichagua mwenyewe. Kanisani, mbele ya watu mia mbili, kwa akili zake timamu. Baada ya miaka sita akachagua tena. Yule mfalme mbwamwitu wa kwenye kitabu hana uwezo huo. Akishanusa harufu ya mke aliyepangiwa, amenusa. Unajua usingizi wa mtu ambaye hawezi kuachwa unavyokuwa? Mimi siujui. Naujua kwa kuusoma tu."

Jolene akafungua chupa ya chai, akammiminia. Akasogeza ndoo karibu.

Baadaye akajaribu njia nyingine. Akamtaja Einar Voll, jirani wa Corliss, mjane, seremala. Kila asubuhi ya theluji Einar anachimbua gari la Corliss kabla hajaamka, kisha anarudi nyumbani kwake kwa kunyata kama mwizi. Kuhusu Einar, Corliss akacheka. Akasema maneno yake ya mwaka mzima yanaenea kwenye kijiko cha chai na nafasi ya sukari inabaki.

"Huyo naye," Jolene akasema, na sauti ikawa na ukali ambao Corliss hakuuelewa. "Kuna watu wanawekewa tonge mdomoni wanashindwa kutafuna."

Sasa tulieni hapa, maana ndipo mambo yalipogeuka.

Corliss alikuwa anahesabu kwa vidole. Mwerezi na chungwa. Kovu. Kiberiti. Ghafla kidole cha tatu kikabaki hewani.

"Kitabu," akasema.

Uzi wa Jolene ulicheza, samaki akavuta, Jolene hakuvuta. Samaki akaenda zake.

Kwa wale wasiojua mambo ya hawa akina mama wa kikundi cha Corliss. Wako sita, na kila msimu wananunua nakala moja tu ya hadithi za mapenzi ya wafalme na mbwamwitu. Nakala hiyo inasafiri kwa posta kutoka nyumba hadi nyumba. Kila mmoja ana rangi yake ya wino, na ukingoni mwa ukurasa anaandika kila linalompanda moyoni. Anayepokea anasoma hadithi, halafu anawasoma wenzake. Mambo ambayo mtu hawezi kumwambia mchungaji wala daktari yanaandikwa pale, tena na vikaratasi vya rangi vimebandikwa ili yasipotee.

Wino wa Corliss ni wa kijani.

Na kitabu cha msimu uliopita, chenye mfalme mbwamwitu na binti wa kinu cha unga, kilipotea Oktoba. Mama Peg, mkubwa wa kikundi, alikirudisha kwa Corliss akitunze, baada ya wote kumaliza zamu zao. Hakikumfikia. Wakalaumu posta, wakanywa kahawa, wakasahau.

"Kiberiti nililiandika humo," Corliss akasema polepole. "Mfalme anapompa yule binti jina la siri. Niliandika: baba aliniita hivi, na wangu atalijua bila kuambiwa. Na kovu niliandika. Na mwerezi."

"Basi imekwisha," Jolene akasema haraka. "Kesho usiende."

"Haijaisha. Inawezekana amekiona, inawezekana hajakiona. Mbona wewe unamshuku kuliko mimi ninayeposwa?"

"Kwa sababu najua."

"Unajua nini?"

Jolene akainama, akachungulia tundu kana kwamba jibu liko chini ya barafu. "Najua wanaume," akasema.

Wekeni jibu hilo mfukoni. Tutalihitaji.

Corliss alikuwa ameanza kutabasamu, lakini si tabasamu la furaha. Ni lile la mtu aliyeona uzi unaning'inia kwenye sweta la mwenzake. Yote aliyoyaandika kwa kijani yalikuwa ya kweli, isipokuwa moja.

Ukurasa wa mia tatu na kumi na mbili, mfalme anamletea binti chakula cha utoto wake. Pale Corliss aliandika kwamba wake atamjia na samaki wa magadi, kama wale aliowapika bibi yake, na kwamba akila hao atalia kwa furaha.

Uongo mtupu. Bibi yake hakuwahi kupika kitu hicho. Corliss hawezi hata kukaa nacho chumba kimoja, yule samaki mkavu aliyerowekwa magadi mpaka akatetemeka kama jeli. Aliandika hivyo kwa sababu aliyefuata kusoma alikuwa Mama Peg, na Mama Peg ndiye anayewapika kanisani kila Desemba, na kila Desemba anamjazia Corliss sahani. Watu wa huku wako tayari kufa kabla ya kukuambia chakula chako ni kibaya.

"Majaaliwa hayawezi kudanganywa na adabu yangu," Corliss akasema. "Yanajua nisichokipenda. Kitabu ndicho hakijui."

Akatoa simu, akamwandikia Lowell mstari mmoja. Kwenye dhifa kila mtu huja na chakula. Naye aje na kile ambacho moyo wake utamwambia ni cha Corliss.

Jolene aliutazama ujumbe ukienda. Akashusha uzi tena tunduni.

*

Jumapili, saa nane mchana, ukumbi wa chini wa kanisa la Kilutheri. Akina mama wa makamo wamevaa magauni ya kuburuta na mataji ya karatasi ya dhahabu, chini wamevaa mabuti ya theluji. Mchungaji alipita mlangoni, akaona bango la mbwamwitu aliyevaa joho, akakumbuka ana simu ya kupiga.

Einar Voll alikuwa huko nyuma anapanga viti, maana hapo kanisani viti na theluji ni vyake. Jolene alikuwa kwenye birika kubwa la kahawa, hamwangalii Einar. Walikuwa hawasemezani tangu vuli na hakuna aliyejua kwa nini.

Corliss alisimama karibu na meza ya vyakula. Gauni la kijani.

Nitawaambia ukweli, alikuwa anaomba. Ndiyo, mtego aliutega mwenyewe, na sasa alikuwa anaomba usinase. Lowell aje na mkate. Aje na viazi. Aje mikono mitupu aseme amesahau, watu husahau. Chochote kingine, na yeye angefunga sanduku jioni hiyo hiyo, akaondoka Jumatatu na mtu asiyeweza kumwacha.

Mlango ukafunguliwa. Kabla ya Lowell iliingia harufu.

Mama Peg akainua pua, uso ukamng'aa. Wengine wakasogea kidogo, kwa heshima. Lowell akaja moja kwa moja, amenyoa, amevaa tai, bakuli limefunikwa foili, akaliweka mbele ya Corliss kama anaweka taji. Akafunua.

Samaki wa magadi. Walitetemeka kidogo, wakatulia.

"Kama wa bibi yako," Lowell akasema, kwa sauti ya chini.

Corliss alichukua uma. Alikula tonge moja, akalimeza, akajifuta mdomo. Malezi ni malezi.

"Bibi yangu hakuwahi kupika kitu hiki," akasema. "Na mimi sikipendi tangu nizaliwe. Samahani, Mama Peg."

Mama Peg akakaa. Nafikiri kwa Peg hiyo ndiyo ilikuwa habari kubwa ya siku.

"Duniani kuna mahali pamoja tu palipoandikwa kwamba nakipenda," Corliss akaendelea. "Ukurasa wa mia tatu na kumi na mbili. Kitabu kiko wapi, Lowell?"

Nilidhani atakana. Mimi ningekana. Lowell aliangalia viatu vyake, kisha akamwangalia machoni.

"Kwenye pikapu," akasema. "Nilikiokota Oktoba, kwenye lile sanduku la vitabu la kona ya mtaa wenu, lile la mbao, watu wanaloacha vitabu vya bure. Nilikuwa nimefika mjini siku hiyo, simjui mtu. Nilitaka kitu cha kusoma kwenye chumba cha meli. Hadithi yenyewe niliiona ya kijinga. Lakini ule wino wa kijani, Corliss. Niliusoma mara nne. Kufika ukurasa wa mia mbili nilikuwa nakupenda na sijui sura yako."

"Ukanitafuta."

"Uliandika unasafisha meno. Kliniki si nyingi. Nilitobolewa jino zima bure kwenye ile ya kwanza."

Mtu mmoja akacheka, akajikohoza.

"Mfalme kwenye kitabu aliambiwa na pua," Lowell akasema. "Mimi niliambiwa na wino. Niambie tofauti."

Hata mimi, mwenye shuku nyingi, swali hilo lilinigusa. Mwanamume amesoma kurasa mia tano za moyo wa mtu, na zile za aibu, na hakukimbia. Gordon hakuwahi kumaliza hata kadi ya siku ya kuzaliwa.

"Tofauti," Corliss akasema, "ni kwamba pua haijifanyi haijui." Lakini sauti ilikuwa imelegea, na kila mwenye masikio alisikia. "Kilete."

Akakileta. Jalada la bluu, kimevimba kwa vikaratasi vya rangi. Corliss akakifungua kwa haraka, kama mtu anayempapasa mtoto aliyepotea kuona kama yuko mzima. Kijani kilikuwepo chote. Zambarau ya Peg ilikuwepo. Akafika nyuma kabisa, kwenye ule ukurasa mtupu wa mwisho.

Haukuwepo. Ulikatwa kwa wembe, kwa ustadi, umebaki ukingo mwembamba kama kucha.

"Kilikuwa na ukurasa hapa."

"Nilikikuta hivyo hivyo," Lowell akasema. Na kwa mara ya kwanza tangu aingie alisema upesi.

"Mwongo," sauti ikatoka kwenye birika la kahawa. "Ulikuwepo nilipokiweka."

Vichwa vyote vikaelekea kwenye birika.

Jolene alisimama na kikombe mkononi. Neno lilikuwa limeshatoka, na halirudi hilo, kama dawa ya meno iliyokwisha kukamuliwa.

"Ulipokiweka," Corliss akarudia.

Ikabidi aseme. Kwamba Oktoba aliukuta ule mfuko wa posta barazani kwa mdogo wake. Kwamba aliufungua, ndiyo, aliufungua, akasoma wino wa kijani akiwa amekaa kwenye ngazi na koti, akalia mpaka miwani ikaganda. Kwamba alijua nani mtaani anafungua lile sanduku la vitabu kila jioni, kwa kuwa mtu huyo ndiye aliyelijenga. Akaandika barua kwenye ukurasa wa mwisho, akakiweka humo, akaenda zake. Kesho yake sanduku lilikuwa tupu. Akangoja wiki, akangoja mwezi. Mtu wake hakusema neno.

"Ndiyo maana nilijua huyu si wa majaaliwa," akasema. "Majaaliwa yenyewe ni mimi, na sikumpangia yeye."

"Mtu wako nani?" Corliss akauliza.

Lowell akaingiza mkono mfuko wa ndani wa koti. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo, akaiweka mezani kando ya bakuli la samaki.

"Jina lililo juu si langu," akasema. "Nililijua tangu siku ya kwanza. Sasa mnajua yote niliyoiba."

Corliss akaikunjua. Penseli ya Jolene, herufi zake kubwa za kuandikia watoto watukutu:

*Einar. Wino wa kijani ni wa Corliss. Usome wote. Halafu kwa jina la Mungu fungua mdomo. J.*

Watu wote wakageuka nyuma. Einar Voll alikuwa amesimama na kiti mikono yote miwili, masikio mekundu.

"Miezi minne, Einar," Jolene akasema. "Nilikuwekea kila kitu mezani, na wewe ukaendelea kuchimbua theluji."

Einar akashusha kiti. Akakipanga sawa na vingine, maana yeye ni Einar. Kisha akafungua mdomo.

"Nilijibu," akasema.

"Ulijibu wapi?"

"Hapo hapo. Usiku ule ule nilikisoma, nikajibu nyuma ya karatasi yako, nikakirudisha sandukuni ukichukue. Asubuhi hakikuwepo. Nikajua umempelekea." Akameza mate. "Nikangoja anijibu. Hakujibu. Nikafikiri hilo ndilo jibu."

Jolene akaweka kikombe chini. Wote wawili walikuwa wamenuniana msimu mzima kwa kosa ambalo hakuna aliyelifanya, na hapo kati alikaa bwana mmoja na wembe.

"Basi ndiyo maana uliukata," Corliss akamwambia Lowell.

"Ndiyo maana," Lowell akasema. "Lakini jiulize kwa nini sikuuchoma. Moto ndio kazi yangu. Ningeuchoma, leo ungekuwa unafunga sanduku." Akamnyooshea kidole Einar. "Kabla hujageuza hiyo karatasi, mwulize huyo aliandika nini. Mwulize hapa, mbele ya watu."

Einar alifungua mdomo mara ya pili. Safari hii hakikutoka kitu, na wekundu wa masikio ulikuwa umeshuka mpaka shingoni. Mtu asiye na la kuficha haogopi vile. Au mtu asiyejua kusema ndivyo anavyoogopa. Mimi msimulizi wenu sikuweza kutofautisha, na Jolene naye, niliyeziamini shuku zake, alikuwa anamtazama Einar kama anamwona leo.

Lowell alinyoosha mkono aichukue karatasi. Einar akapiga hatua moja mbele.

"Bakini hapo hapo mlipo," Corliss akasema.

Alivua taji lake la karatasi, akaliweka juu ya wale samaki.

"Mmoja alinisoma mara nne, mmoja alinisoma usiku kucha, na dada yangu alinisoma kwenye ngazi," akasema. "Nyote mnanijua mpaka kiwiko. Sasa nasoma mimi."

Akaigeuza karatasi.